Madiwani wa Dar, anzeni na ardhi ya vituo vya mwendokasi

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua na mimi nitoe dukuduku langu kuhusu usafiri wa Dar, maana naona miaka yote tunagonga mlango siyo.

Kila tukikutana na diwani, iwe msibani au kwenye mkutano wa mtaa, maswali ni yaleyale, mheshimiwa mabasi hayatoshi, mheshimiwa barabara ya ndani imekufa, mheshimiwa nauli. Na yeye kwa vile kura anazitaka anaitikia, tutalifanyia kazi. Atalifanyia kazi gani? Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, iko chini ya DART, wakala wa serikali kuu toka 2007, nauli anapanga LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, barabara za mitaa zilishahamia TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017, na hata hela ya maegesho ya magari ilihamishiwa hukohuko. Kodi ya majengo ndo usiseme, toka 2021 inakatwa kwenye luku, yaani unaponunua umeme, ilianza buku (sh. 1,000) kwa mwezi ikapanda 1,500, na kwenye nyumba nyingi za huku uswahilini anayenunua umeme ni mpangaji, kwahiyo kijana wa chumba kimoja Manzese analipia jengo la mwenzake. Utaambiwa sheria inamtambua mwenye nyumba ndo mlipaji, sawa, nenda kamdai baba mwenye nyumba hiyo 1,500 uone kama mwezi ujao hujapandishiwa kodi ya chumba.

Alafu Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa, jina la jiji wakapewa Ilala, tukabaki na halmashauri tano kila moja na vikao vyake. Mtu anaamka Kimara yuko Ubungo, basi likifika Magomeni yuko Kinondoni, akishuka Kariakoo yuko Ilala. Safari moja ya kwenda kibaruani, halmashauri tatu, na hakuna baraza hata moja la madiwani linaloiangalia hiyo safari kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Sasa sisemi haya kuwatetea madiwani, la hasha, maana kuna kitu kikubwa bado wanacho mkononi na hawakitumii, ardhi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaitambua halmashauri ndo mamlaka ya upangaji, maana yake mchoro wa eneo unapita kwao, kibali cha ujenzi kwao, wapi pawe soko, wapi pawe stendi, yote hayo yanapita kwenye meza yao. Na mwendokasi ni habari ya ardhi kabla haijawa habari ya mabasi.

Njoo Kimara Mwisho saa moja usiku ujionee. Watu wanamwagika kutoka kituoni, pembeni bajaji zimejipanga hovyo za Bonyokwa na za kwingine huko ndani, dereva anaita huku anarudi nyuma bila kuangalia, bodaboda wanapenya katikati ya watu, mama wa mihogo ya kukaanga kaweka jiko palepale ukingoni mwa mtaro maana hana pengine pa kuweka na wateja ndo wako hapo, viatu vya mtumba vimetandazwa kwenye turubai mpaka njia ya waenda kwa miguu inaisha, mvua ikinyesha kila mtu anaruka tope na nauli ya bajaji inapanda palepale. Ukiingia ndani ya kituo chenyewe kumejengwa vizuri sana, sakafu iko usawa wa mlango wa basi, mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa. Ila huyo wa kiti cha magurudumu atafikaje kituoni? Hapo hakuna aliyepanga. Mradi uliishia kwenye ukingo wa barabara, na kuanzia pale halmashauri ndo ilitakiwa iupokee.

Mstari wa kwanza ulianza Mei 2016, kilometa 21 hivi, Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani. Miaka yote hiyo inatosha kabisa kutengeneza mchoro mmoja wa kueleweka wa eneo la kituo. Na msiniambie nafasi hakuna, 2017 watu waliwekewa X nyekundu ukutani kuanzia Kimara mpaka Kiluvya, nyumba zikaenda chini wakaambiwa wako kwenye hifadhi ya barabara, barabara ikapanuliwa. Yaani nafasi ya magari ilipatikana kwa nyumba za watu, ila nafasi ya bajaji kusimama na mama kuuza mihogo haijapatikana mpaka leo.

Na machinga, wale wachuuzi wa barabarani, hivyohivyo. Mwishoni mwa 2021 waliondolewa barabarani mji mzima, wengine wakapelekwa sehemu ambazo abiria hapiti, unafikiri nini kitatokea? Wamerudi. Machinga anafuata miguu ya watu na miguu ya watu iko kituoni, kwahiyo kumpeleka kilometa mbili ndani kwenye kibanda cha bati ni kumwambia kistaarabu aache biashara. Tengeni eneo ndani ya mita mia mbili tatu kutoka kituoni, lenye choo, taa na mtaro uliofunikwa, mkusanye ushuru wa halali badala ya kukimbizana na mgambo. Na wanaoomba vibali vya maghorofa karibu na vituo wapewe masharti, chini waache fremu ndogo za bei ya kawaida na njia ya kupita watu, sio kuta na mageti.

Hela ya kuanzia mnayo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya kukopesha vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu hela zilikuwa hazirudi na vikundi vingine vilikuwa hewa, ikarudishwa 2024. Mikopo ya bajaji vijana walishapewa sana, tatizo unampa kijana bajaji kisha unamwacha atafute pa kupaki kwa ngumi. Kipeni kikundi bajaji pamoja na njia maalumu, kituo mpaka mtaa fulani, sehemu ya kupaki na nauli iliyoandikwa ubaoni, na marejesho ya mkopo mtayaona maana abiria wapo kila siku. Nauli rasmi mtakaa na LATRA, najua, ila eneo la kupaki hamhitaji kwenda Dodoma kuliomba.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, watu wengi hawajui hilo, nendeni mkasikilize. Na wewe Mhariri ukituma mwandishi mwambie akae mpaka mwisho asiondoke baada ya picha, mambo ya viwanja huwa yanakuja kwenye mengineyo.

Ni mimi,
Abiria wa Kimara, Dar es Salaam