Mama ndiye anajua

Singida

Mwanangu,

Baba yako mdogo alinipigia juzi baada ya tarawehe kuniuliza kama ni kweli nauza kiwanda chetu cha alizeti. Nikamuuliza kayasikia wapi. Akasema kwako. Nilicheka, halafu usingizi ukanipaa. Nilitaka nikupigie palepale, ila mimi na wewe kwenye simu tunajuana, dakika ya tatu mmoja ameshakata. Kwa hiyo nakuandikia. Soma yote kwanza, kununa utanuna baadaye.

Sijauza. Hakuna aliyenipa hata shilingi. Ila nakitengeneza kiwe kitu kinachouzika, hilo silifichi, na nataka ulisikie kwangu lilivyoanza.

Mwaka juzi mwezi wa nane alikuja mgeni kutoka Dar es Salaam. Kuna watu wenye fedha zao walimtuma atafute kiwanda cha kukamua alizeti wanunue. Nilichinja kuku. Nikamtembeza: mashine mbili, chujio, matangi, mzani, stoo. Ulikuwa msimu, magunia yamepangwa mpaka karibu na kenchi, nami nilikuwa nimejaa. Yule bwana wala hakuhangaika na mashine. Alimsogelea kijana wa stoo, akamuuliza kwa upole kama mtu anayeulizia njia, "Humu yamo magunia mangapi?" Kijana akajibu, "Mama ndiye anajua." Akaenda kwa fundi. Hii skrubu ilibadilishwa lini? "Mama ndiye anajua." Kwa binti wa mauzo akauliza mteja mkubwa wa mashudu, yale makapi ya alizeti yanayolishwa mifugo, anauziwa kilo kwa bei gani. "Huyo anaelewana na Mama."

Mimi nimesimama nyuma yake natabasamu, nadhani nasifiwa.

Tulipokaa kula akaniambia, "Mama, kazi umeifanya. Lakini mimi nikinunua hapa nimenunua mabati na vyuma. Biashara yenyewe iko kichwani mwako, nacho hakimo kwenye bei." Akanawa, akashukuru, akapanda gari lake. Hakurudi.

Nilimchukia wiki nzima. Kisha nikakumbuka kitu ambacho wewe hukuambiwa kwa sababu ulikuwa kwenye mitihani ya chuo. Mwaka ule nilipofanyiwa upasuaji nililazwa siku tisa, na kiwanda nacho kililala siku tisa. Wakulima walifika na mikokoteni, wakakuta hakuna wa kupanga bei, wakapeleka kwingine. Chuma kizima, umeme upo, vijana wapo. Kilichokosekana ni mimi tu. Wakati ule nililiona hilo ni sifa yangu.

Basi nikamtafuta mhasibu, binti mmoja mwenye leseni ya ukaguzi, mpole wa sura na hana huruma hata kidogo. Aliniuliza napata faida kiasi gani kwa mwaka. Nikamwambia milioni 60, bila kusitasita, maana ndiyo niliyokuwa naiona. Akachukua kalamu. Mshahara wako wewe uko wapi? Haupo, nachukua nikihitaji. Akasema aliyenunua lazima aajiri meneja, tuseme 1,500,000 kwa mwezi, milioni 18 zimeondoka. Pango je? Kiwanja ni chetu. Mnunuzi hatakaa bure, 500,000 kwa mwezi, milioni 6 hizo. Mashine zinachakaa, kila mwaka weka pembeni milioni 9. Ikabaki 27. Kisha akakuta kwenye daftari "mengineyo, milioni 4", akaniuliza mengineyo gani. Nikanyamaza. Ilikuwa ada ya mdogo wako. Akacheka, akairudisha upande wa faida kwa kuwa mnunuzi hatamsomesha mdogo wako. Tukafika 31.

Akaniambia kwa biashara kama yangu mtu analipa faida ya miaka mitatu, minne akiipenda sana. Piga mwenyewe. Mimi kichwani nilikuwa na milioni 400.

Jambo la pili alilonifungua macho ni risiti. Unakumbuka miaka ya mwanzo, mtu akija na dumu lake tunamjazia, hela kibindoni, mashine ya risiti iko kabatini. Tulijiona wajanja. Sasa mnunuzi, au benki, anataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na anazilinganisha na ritani, yaani taarifa za mapato tulizopeleka TRA, mamlaka ya kodi. Mauzo uliyomficha mtoza ushuru umemficha na mnunuzi. Huwezi kumwambia "kuna mengine hayakuandikwa", maana hapo umemwambia mawili: kwamba husemi kweli, na kwamba kuna deni la kodi linamsubiri mlangoni. Kwa hiyo tangu mwaka juzi kila dumu lina risiti. Nimelipa kodi ambayo sikuwahi kuilipa maishani, na nililia, nisikudanganye. Na vijana wote nimewaandikisha NSSF, mfuko wa mafao ya uzeeni, ile asilimia 20 ya mshahara, nusu wao nusu mimi. Malimbikizo ya nyuma nimeyalipa kwa awamu, pamoja na adhabu.

Nimefungua na kampuni kwa msajili, BRELA. Zamani tulikuwa na jina la biashara tu, na jina la biashara ni mimi mwenyewe nimevaa kofia. Huwezi kuuza robo ya mtu. Kampuni ina hisa, unaweza kugawa, kukaribisha mbia, kumwachia mtoto. Leseni, nembo ya ubora ya TBS, mkataba wa umeme, vyote vilikuwa kwa jina langu, ikabidi nivihamishe kimoja kimoja. Na lebo! Hivi unajua lebo yetu haikuwa yetu? Jina halikuwa limesajiliwa kama alama ya biashara, na mchoro wenyewe ulikuwa kwenye kompyuta ya yule mchapishaji wa Dar. Angeamua kuwachapia wengine, ningemshitaki kwa lipi? Sasa imesajiliwa miaka saba, kisha utahuisha kwa kumi kumi. Nimeandika "utahuisha". Ngoja, nitafika huko.

Mshauri wa kodi naye akanionya nisiende mbio. Umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka mitatu, sheria ya kodi ya mapato inaihesabu kampuni kama iliyouza mali zake, na kodi inadaiwa hata kama hakuna bolti lililotoka getini. Kwa hiyo nani anapewa hisa ngapi na lini ni mambo ya kupanga mapema, siyo siku mnunuzi ameshakaa sebuleni.

Sasa tuje kwenye kiwanja, ambacho ndicho hasa kilichomfanya baba yako mdogo apige simu usiku.

Hati mpaka leo ina jina la marehemu baba yako. Miaka kumi na moja tangu tumzike. Hatukufungua mirathi kwa sababu hatukugombana, na watu wa huku wakisikia mirathi wanajua kuna ugomvi. Mimi nikajenga stoo ya pili juu ya ardhi ya marehemu, nikaweka mashine ya pili, nikajiita mwenye mali. Mwaka jana nilipokwenda benki kuomba mkopo wa tangi la kusafishia mafuta, afisa alifungua hati, akasoma jina, akaniuliza, "Huyu mzee yuko wapi tumwite asaini?" Nikamwonyesha kwa kidole upande wa makaburini. Hakucheka.

Nikaenda kwa sheikh anikumbushe mafungu. Mke mwenye watoto ana thumni. Moja ya nane. Saba zilizobaki ni zenu watatu, wewe mafungu mawili, dada zako fungu moja moja. Ukifanya hesabu, mwanangu, kiwanja hicho unachonishitaki nacho kwa watu, fungu lako ni zaidi ya mara tatu ya langu. Hata ningetaka kukuuzia kisirisiri nisingeweza. Ningekuwa nauza chako.

Na baba yako mdogo hana fungu, kwa kuwa marehemu ameacha mtoto wa kiume. Analijua hilo, ndiyo maana ana wasiwasi. Lakini usimcheke. Mwaka ule tunanunua kiwanja, baba yako alipungukiwa, na mdogo wake akauza ng'ombe akampa 800,000. Hakuna karatasi. Mimi nilikuwepo, nilizihesabu mimi kwenye mkeka. Deni la marehemu hulipwa kabla mirathi haijagawanywa, na shilingi za wakati ule siyo za leo. Nataka tukae naye, tukubaliane kiasi cha haki, tuandike, alipwe, asaini. Akiendelea kusema mitaani kwamba kiwanja ni cha ukoo, hakuna mnunuzi wala benki itakayosogea, na atakuwa na haki ya kusema, maana hatukumlipa.

Hebu nikurudishe kiwandani. Unakumbuka mwaka jana nilivyokuja kwako mwezi wa sita, nikakaa wiki mbili na mjukuu wangu, ukashangaa mama ameachaje msimu? Nilikuwa natoroka kwa makusudi. Kabla ya hapo niliandika kila kitu nilichokuwa nakijua: bei inapangwaje asubuhi, gunia la kilo 65 linapaswa kutoa lita ngapi kwenye mashine zetu, likitoa pungufu unaanza kuangalia nini, nani anakopeshwa na mwisho kiasi gani. Yule kijana wa stoo nikampa kadi kwa kila rundo, kikiingia anaandika, kikitoka anaandika. Fundi ana daftari la vipuri. Siku ya kwanza walinipigia mara 14, wewe ukawa unalalamika simu ya mama haitulii. Wiki ya pili walinipigia mara mbili.

Na waliharibu. Walinunua magunia 40 yenye unyevu, yakaanza kuota ukungu kabla hayajakamuliwa. Niliporudi nilinusa mlangoni tu nikajua. Nilitaka nimfukuze mtu. Badala yake tukanunua kipima unyevu, sasa gunia halipandi mzanini kabla ya kupimwa, na aliyekosea ndiye anayepima. Hasara ile naihesabu kama ada.

Bado pana kidonda. Mteja mmoja wa mashudu anachukua zaidi ya nusu ya tunachotoa, kwa maneno ya simu. Akihama, tumepinda mgongo. Natafuta wafugaji wa kuku wa Dodoma wawe wanne watano, na huyo mkubwa asaini mkataba hata wa mwaka mmoja. Amekasirika kidogo, anaona simwamini. Atazoea.

Yule binti mhasibu aliniambia neno ambalo sikulitegemea. Nilimwonyesha hesabu za 2023, bei ya alizeti ilivyoporomoka, mafuta ya nje yamejaa madukani, tukapata hasara. Nikasema hizi tusimwonyeshe mtu. Akasema hizo ndizo zionekane kwanza, mnunuzi mwenye akili anataka kuona mwaka mbaya ulifanya nini. Nikamweleza: tulisimamisha mashine moja, tukakamulia watu kwa malipo badala ya kununua alizeti, hatukumfukuza mtu. Akaandika yote.

Sasa ile "utahuisha". Mwanangu, sijawahi kukuuliza kama unakitaka kiwanda. Baba yako alidhani unakitaka, mimi nikadhani, ukoo mzima unadhani, na wewe uko ofisini kwako Dar unadhani kitakuwepo tu siku zote, kama mti wa shamba. Nakuuliza leo. Ukikitaka, njoo ukae msimu mmoja mzima chini ya huyo kijana wa stoo, siyo chini yangu, kisha tuzungumze hisa. Ukitaka hisa bila kuendesha, sawa, meneja atapatikana, nawe utapokea gawio kama mwanahisa, siyo kama mtoto wa Mama. Ukisema huna haja, nitamtafuta mnunuzi, na kila mmoja wenu atapata chake kwa maandishi. Sitakununia kwa jibu lolote katika hayo. Nitakununia ukinyamaza, kwa sababu nina miaka 61 na goti hili la kushoto halipandi tena ngazi ya tangi.

Kwa vyovyote vile, kazi ni ileile. Karatasi anazotaka mnunuzi ndizo anazotaka benki ili tupate tangi la kusafishia na tuanze kufunga chupa za lita moja, ndizo utakazozihitaji wewe ukirithi. Sijaona karatasi hata moja inayofaa kwa kuuza tu.

Kikao cha ukoo ni Idi pili, nyumbani, saa nne asubuhi. Tutamchagua msimamizi wa mirathi, wiki inayofuata tunakwenda Mahakama ya Mwanzo. Dada zako wamesema watakuja. Njoo na kopi ya cheti chako cha kuzaliwa, ya kitambulisho cha NIDA, na picha mbili za pasipoti. Ile nakala ya cheti cha kifo cha baba yako nadhani unayo wewe, kwenye lile begi la kahawia, iangalie leo usisubiri siku ya safari. Ukishuka kwenye treni Dodoma nunua zabibu, siyo za pale stesheni, wanauza ghali. Na umpigie baba yako mdogo kabla hujafika. Usimwambie habari ya 800,000, hilo niachie mimi.

Mama yako