Sio jini bibi, ni jeni

Mhariri, salamu kutoka Lamu. Nina swali moja tu ila ntaanza mbali kidogo, unisamehe.

Mwana wa dadangu alipofika miezi minane vidole vya mikono na miguu vilifura vikawa kama ndizi za kisukari, halali hali, ukimgusa yualia mpaka sauti yakauka. Nyumba nzima ikakata shauri ni jini, akasomewa akafungwa hirizi, zahanati nako akapewa dawa ya malaria, akarudi, akapewa tena, mwaka ukaisha hivyo hivyo. Mwisho tukavuka na boti mpaka Mokowe tukashika basi la Malindi, huko dokta mmoja kijana akamtoa damu akatwambia ni selimundu, ugonjwa wa damu ile watu waita siko seli, imetoka kwenye jeni za wazazi. Bibi akaruka, "Si niliwambia!" Ikabidi aelezwe polepole sio jini bibi, ni jeni.

Yaani jeni ni kama maandishi ndani ya mwili na kwa ugonjwa huu ni herufi moja tu imekosewa, moja! Ukiirithi kwa mzazi mmoja waishi raha mustarehe, tena malaria kali haikupati kirahisi. Mwanasayansi Anthony Allison aliliandika hilo 1954, baada ya kuona wenye damu hiyo ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu. Ukiirithi kwa wote wawili ndio balaa, na baba na mama wakiwa wote wanayo basi kila mimba ni nafasi 1 kati ya 4. Dada na shemeji ni mabinamu, na wa ukoo mmoja ni rahisi wote wawili kuwa nayo, na mitaani kwetu hilo si jambo la kushangaza mtu.

Sasa twasoma Uingereza na Marekani zimepitisha tiba mpya ya selimundu iitwayo Casgevy mwaka wa 2023, wamtoa mgonjwa seli za uboho, warekebisha jeni huko maabara kisha wamrudishia. Mashallah, lakini bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, hizo kwetu ni jumba la Mzungu kule Shela na boti zake juu.

Mimi siombi hiyo. Naomba tone la damu la kisigino siku mtoto azaliwapo, manake siku hizi kuna vipimo vidogo tu kama vile vya mimba, majibu dakika chache. Akijulikana mapema ataanzishiwa penisilini, chanjo ya nimonia, halafu haidroksiurea, dawa ya zamani hiyo wala si ya ajabu, na ilijaribiwa hapa jirani Kilifi pamoja na nchi zingine, matokeo yakatoka 2019, maumivu yalipungua, malaria ikapungua, vifo pia.

Na kabla ya nikaha je? Twauliza mahari, twauliza ukoo mpaka babu wa saba, damu hakuna aulizaye. Sisemi watu waachane, wajue tu.

Mtoto wetu sasa yuko madrasa, kidonge chake kila asubuhi na chai. Swali langu kwa wakubwa wa afya ni hili, kwani yeye alizaliwa hosipitali, mbona hakuna aliyempima siku ile?

Mjomba wake, Langoni, Lamu