Mguu wa farasi wa shaba si cheti cha kifo

Ndugu Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika barua magazetini. Mlipoandika kwamba farasi hulala wima maisha yake yote na hagusi chini, nilikunja gazeti nikanyamaza, ingawa nimewakuta wamejinyoosha kwenye majani makavu wakikoroma kama wajomba. Mlipoweka picha ya punda na chini yake mkaandika "farasi kijana", nilicheka peke yangu. Lakini makala ya Jumapili iliyopita kuhusu farasi katika sanaa imenifika shingoni, na mimi nimefanya kazi ya saisi, yaani mtunza farasi, kwa miaka 31.

Unaikumbuka, ile ya kurasa mbili. Mwandishi wako anatufundisha kuwa sanamu za mashujaa zina siri yake: farasi akiinua miguu yote miwili ya mbele, aliyempanda aliuawa vitani, akiinua mmoja, alijeruhiwa vitani au alikufa kwa majeraha, akisimama kwa minne, alifia kitandani. Kaandika hivyo bila hata "inasemekana". Na kuonyesha mfano, kaweka picha ya Peter Mkuu wa Urusi, ile sanamu ya mchongaji Falconet iliyozinduliwa St. Petersburg mwaka 1782, farasi kasimama kwa miguu ya nyuma juu ya jabali. Peter alikufa mwaka 1725 kwenye jumba lake, kwa maradhi ya kibofu. Vita hiyo ilipiganwa wapi, chini ya shuka?

Kama angefungua kitabu kimoja tu! Madrid yupo Mfalme Philip IV wa Hispania, kazi ya mchongaji Pietro Tacca, ilikamilika mwaka 1640, miguu miwili hewani. Mfalme mwenyewe alikufa mwaka 1665. Kwa hesabu za gazeti lako, mtu huyu aliuawa vitani miaka 25 kabla ya kufa. Washington yupo Andrew Jackson, aliyekuwa rais wa Marekani, sanamu ya mwaka 1853, naye farasi wake kainuka. Jackson alifia nyumbani kwake. Roma yupo Marcus Aurelius, mtawala wa kale wa Roma, mguu mmoja juu, na hakuna anayesema alifariki kwa jeraha. Miguu inainuka kwa sababu mchongaji ametaka kuonyesha anavyoijua kazi yake, basi. Shaba ni nzito. Kumsimamisha farasi wa shaba kwa miguu miwili asije akaanguka na mfalme wake ni hesabu ngumu: Tacca aliimimina sehemu ya mbele nyembamba na ya nyuma nzito, na mkia akaushusha mpaka chini uwe mguu wa tatu. Hata yule nyoka anayekanyagwa na farasi wa Peter, ambaye mwandishi wako kamwita "ishara ya maadui" na kuishia hapo, ana kazi ya pili ya kushikilia mkia. Hiyo ndiyo siri, na ni tamu kuliko ile ya uongo.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili linaniuma binafsi. Miaka mingi iliyopita tajiri aliyekuwa na farasi niliowatunza alimleta mchoraji, aje kumchora marehemu baba yake juu ya farasi. Marehemu alikuwa ameumia goti jeshini, kwa kuangukiwa na kreti la vyombo, lakini mchoraji alikuwa ameisoma sheria ileile ya gazeti lako, kwa hiyo farasi lazima ainue mguu mmoja. Wakachagua farasi mwekundu aliyehasiwa tuliyemwita Tarumbeta, mpole kupita kiasi. Nikaambiwa nimshike mguu wa mbele wa kushoto. Sasa farasi ukimgusa nyuma ya goti na kumwegemea begani, anakupa mguu, maana anajua unataka kumsafisha kwato. Akishaona hakuna anayechokoa kitu, anakuachia uzito wake kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia kwenye basi. Nilimshika dakika kumi, tukapumzika, nikamshika tena, siku tatu mfululizo, mgongo wangu umepinda, jasho linanidondoka kwenye ukwato wake. Nikamwambia mchoraji kwa adabu: bwana, farasi aliyetulia hupumzisha mguu wa nyuma, ncha ya ukwato ikagusa chini na nyonga ikalegea upande mmoja, ukimwona anapumzisha wa mbele, hiyo si heshima, hayo ni maumivu, na sisi tunamwita daktari wa mifugo. Akanijibu bila kunitazama, "Mzee, wewe shika tu." Nilikuwa na umri wa miaka 29. Tarumbeta ndiye aliyenilipia, siku ya tatu, alipoichukua kofia ya mchoraji iliyokuwa juu ya kigoda na kuitafuna ukingo wote taratibu, macho yamefumbwa nusu. Picha ikaisha, mimi nikafutwa pichani, pakabaki kivuli cha ajabu chini ya goti ambacho mpaka leo najua ni mkono wangu. Siku ya kuifunua ukutani wageni wakapiga makofi, na daktari wetu wa mifugo, aliyealikwa kwa adabu tu, akaitazama kwa muda mrefu kisha akauliza: "Huyu anachechemea tangu lini?"

Nikirudi kwenye makala yenu. Mwandishi anausifu mchoro wa Mfaransa Géricault wa mbio za farasi za Epsom, Uingereza, wa mwaka 1821, ulioko Louvre, eti unaonyesha "mwendo halisi wa shoti". Hauonyeshi. Farasi wote wanne wamenyooshwa miguu mbele na nyuma kama ngozi zilizowambwa juani. Mwaka 1878, huko Palo Alto, Marekani, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera safu nzima kando ya njia, farasi akapita shoti akikata nyuzi zilizofyatua kamera hizo, na picha zikaonyesha kwamba ule wakati ambao kwato zote ziko hewani ndio wakati zimekusanyika chini ya tumbo. Simlaumu Géricault. Hakuwa na kamera, na jicho la binadamu halikamati kitu kinachopita hivyo. Mchoro wenyewe una mbingu nzito inayokutia baridi, ningeutazama kutwa. Lakini mwandishi wako ana simu mfukoni inayopiga picha za mwendo wa polepole.

Na waliojisumbua kutazama kawaruka. Mchoraji George Stubbs alikaa takribani mwaka mmoja na nusu kwenye nyumba ya shamba Uingereza akipasua maiti za farasi, ngozi, msuli, mpaka mfupa, kisha mwaka 1766 akatoa kitabu cha michoro ambacho daktari wa leo bado anaweza kukifungua bila aibu. Ndiyo maana farasi wake aitwaye Whistlejacket, kwenye mchoro ulioko London, hana mpandaji, hana nyasi wala mbingu, na bado ukisimama mbele yake unataka kurudi nyuma hatua moja. Mchoraji Rosa Bonheur naye aliomba kibali cha polisi cha kuvaa suruali ili aweze kwenda mnadani kwa farasi Paris bila kusumbuliwa, akaenda mara mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja na nusu, ndipo akachora ule mchoro wake wa mnada wenye upana wa mita tano. Itazame shingo ya yule mweupe anayeinuka katikati. Huwezi kuchora shingo ile kwa kukaa ofisini. Makala yenu imempa Bonheur nusu sentensi, na nusu yenyewe ni kuhusu hiyo suruali.

Kwa kuwa tayari nimekasirika, niseme na la ukurasa wa michezo. Matokeo ya mashindano ya farasi mnaandika jina la mpandaji, nchi yake, medali yake, kisha mnaweka nukta. Farasi anaitwa nani? Mwanariadha mmoja kati ya wawili mnamfanya baiskeli. Hivi karibuni mmemtaja Lis Hartel wa Denmark, aliyechukua medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 akishindana na wanaume, huku polio imempooza miguu chini ya magoti hata akawa anasaidiwa kupanda na kushuka. Vizuri sana. Lakini mtu asiyeweza kumbana farasi kwa miguu anaongozaje? Kwa kuhamisha uzito wa mwili kidogo tu, na kwa farasi aliye tayari kuusikiliza uzito huo. Aliitwa Jubilee. Lina herufi saba, lingeenea. Na huyo kijana wenu aliyeandika kwamba katika mchezo huu "farasi ndiye anayefanya kazi yote, mtu amekaa tu", naomba akakae tu juu ya farasi anayekwenda matiti, ule mwendo wa kurukaruka, kwa robo saa, kisha ajaribu kukaa kwenye kiti.

Sikulalamikii bila kuleta dawa. Mlete mwandishi wa makala ile kwenye banda lolote la farasi, asubuhi tatu, saa kumi na moja alfajiri, si saa nne anapofika mpiga picha. Asafishe kwato nne kwa chuma chenyewe, akichokoa kutoka kisigino kuelekea ncha, na asiiguse kwa nguvu ile pembetatu laini ya katikati. Asubuhi ya tatu afungwe kitambaa machoni, asimame karibu na sakafu ya mawe, atuambie kwa masikio tu farasi anakwendaje: vishindo vinne ni kutembea, viwili ni matiti. Akipatia, mwachie aandike kuhusu sanaa. Akikosea, kuna majani ya kupakua.

Halafu mchapishe masahihisho, na yawe makubwa kama ile picha ya Peter, si mstari mmoja chini ya matangazo ya vifo. Ukiniambia nafasi hakuna, toeni utabiri wa nyota kwa wiki moja. Mshale abaki, kwa sababu yeye angalau nusu yake ni farasi, na miguu yake mhakikishe imechorwa sawasawa.

Msomaji wenu,
Saisi mstaafu