Barua kwa mwanangu: usimwambie mtoto utakuja kama hautakuja

Mwanangu,

Hapa Bukavu tuko tu, mvua inanyesha kila mangaribi na njia ya kupanda Kadutu ni matope matupu, mama yako anakusalimia sana, mdogo yako anauliza kama kweli umemaliza sesyo. Odio yako ya WhatsApp niliisikiliza mara mbili. Unasema wamekukubali kwenda kusaidia watoto kiisha masomo kule komini ya Kenya, hapo Lubumbashi, siku mbili kwa juma, bila kulipwa, na unauliza ulete nini. Nilifurahi mpaka nikamwita mama yako atoke jikoni asikie na yeye. Lakini usiku usingizi haukuja, juu kuna kitu sijakuambia hata siku moja kuhusu hii kazi ya kuenkadre watoto, ile na mimi nafanya hapa kwetu, na nimeona heri nikiandike kuliko kukisema ku telefone.

Unamkumbuka yule kijana wa sambaza? Mama yake aliuzisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, ku soko ya Kadutu, na yeye akitoka masomo alipita pale kumsaidia mpaka giza. Alikuwa mwaka wa tano. Siku ya kwanza nilimpatia kitabu akanisomea ukurasa mzima bila kukosea, kifaransa safi, nikasema huyu hana shida. Kiisha kitu kikaniambia nimjaribu, nikamwonyesha kwa kidole mustari wa tatu, nikamwambia anzia hapa. Akaanzia mustari wa kwanza. Nikamsimamisha, nikamwonyesha tena, akaangalia mdomo wangu kama vile mtu anangojea mwenzake aanze wimbo. Mwanangu, alikuwa hajui kusoma. Alikuwa ameshika kichwani vile klasi nzima inarudilia kwa sauti. Sikumlaumu mwalimu wake na wewe usilaumu, tangu masomo ya msingi yakuwe bure mu 2019 watoto waliingia wengi sana, wao walikuwa zaidi ya 70 mu klasi moja, mwalimu ataona mdomo wa nani?

Tukaanza na silabi, ba be bi bo bu, na kiswahili kwanza, juu kwao wanasema kiswahili na mashi, kifaransa anakikuta ku ubao tu. Neno la kwanza alilosoma mwenyewe ni "samaki". Akalisoma, akakaa kimya, akalisoma tena polepole akiweka kidole chini ya kila kipande, halafu akaniangalia.

Sasa ile sikukuambia ni hii. Kiisha miezi kama mine hivi nikapata kazi ya kusimamia shantye nje ya mji, ilikuwa makuta nzuri na wewe ulikuwa unaenda kuanza iniversite, nikaondoka haraka, sikuwaambia watoto kitu. Nilijisemea ni majuma machache. Ikawa miezi miwili. Niliporudi sentineli akanipatia kaye, akasema yule kijana alikuwa anakuja kila siku ya tatu, anakaa ku ngazi mpaka saa kumi, kiisha anashuka soko. Nikafungua ile kaye. Kulikuwa tarehe, na chini yake devware niliyomwachia mara ya mwisho, ameiandika yote. Juma lingine tarehe, na ile ile devware tena. La tatu vile vile. La nne aliandika tarehe peke yake, na chini yake hakuna kitu. Ile tarehe bila kitu naiona mpaka leo.

Nilimtafuta. Nilienda mpaka ku meza ya mama yake nikaomba samahani mbele ya wateja, yule mama akaendelea kupima sambaza yake mu kopo, akasema tu, "Papa, mimi nilikuwa nampoteza saa mbili za biashara kila juma juu yako." Na mimi siku zote nilikuwa nafikiri anamzuia mtoto kusoma! Kumbe ndiye aliyekuwa anatoa kikubwa kuliko mimi. Tukaelewana siku na saa, na mtoto akarudi, lakini kiisha miezi. Alisoma, alifika, sasa iko sekondere. Ila hakunikalia tena karibu vile zamani, alikuwa anachagua kiti cha ku mlango.

Halafu siku moja mtu alikuja kutupatia formasyo, akatuelezea uchunguzi wa Marekani uliotoka 2002, walifuata watoto wa programu ya Big Brothers Big Sisters, ile ya kumpatia mtoto mtu mukubwa wa kutembea naye. Waliokaa na mtu wao mwaka mmoja ao zaidi ndio walisaidika zaidi. Lakini walioachwa mbele ya miezi 3 kuisha walijiona hawana bei kuliko mbele ya kumpata. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa naona ile kaye.

Ndiyo maana nakuomba, kama siku mbili ni mingi na masomo yako ya UNILU, iniversite ya Lubumbashi, chukua moja, lakini hiyo moja isimame. Ukikuwa na egzame waambie watoto mbele, juma gani hautakuja na juma gani utarudi, waandike mu kaye zao. Hata mtoto wa miaka saba anaelewa. Kile haelewi ni kungoja bila kujua anangoja nini.

Mengine utajifunza palepale. Wapange kwa kile wanajua kusoma, si kwa klasi, ukikuta wa mwaka wa tano anakaa na wa pili usimwaibishe, mpatie kazi ya kugawa chaki akuwe na sababu ya kukaa pale. Mlango uache wazi siku zote na usibaki peke yako na mtoto mmoja, ni kwa kumlinda yeye na kukulinda wewe. Bombo usilete, utaleta leo, kesho wataangalia mifuko yako mbele ya kuangalia uso wako. Na kama siku moja wamefika na mioyo mizito achana na masomo kabisa, mu mwezi wa pili 2025 wakati vita ilifika hapa mjini masomo yalifungwa, na waliporudi majuma mawili sikufanya dikte hata moja, tulichora, tukacheza mupira, wengine walilala tu kichwa ku meza na niliwaacha walale.

Uliuliza ulete nini. Leta biki, chaki, na kaye moja yako mwenyewe, ndani andika jina la kila mtoto na pale alipoishia, ili juma linalofuata umwambie "tuliishia hapa" mbele yeye hajakuambia. Nauli ya basi nitakutumia ku Airtel Money kila mwisho wa mwezi, usiikatae, sitaki ukose kufika juu ya franka.

Niandikie kiisha siku ya kwanza, uniambie majina yao.

Papa yako