Mama Sabina, acha huo uji

Kirumba, Mwanza
Jumapili, 17 Agosti 2025

Mwenzangu Mama Sabina,

Habari za Nansio, habari za watoto, habari za shamba. Sisi huku wazima. Baba Jofu anakohoa kidogo kwa vumbi hili la kiangazi, na Jofu mwenyewe yuko darasa la saba, mwezi ujao ana mtihani. Mengine tutaongea, maana nimeshika kalamu kwa jambo moja na sitaki linitoke.

Jana Mama Kulwa alishuka na meli akapita kizimbani kwangu sokoni. Hata maji hajanywa, akakaa juu ya gunia la dagaa akasema, "Rafiki yako amekwisha. Kitenge anakizungusha mara mbili." Nikamuuliza unakula nini. Uji. Asubuhi uji, mchana uji, usiku uji, na unga wa mizizi uliouziwa mnadani wa kusafisha tumbo. Nikamuuliza ni ugonjwa gani. Akasema tumbo linajaa, linanyonga, leo unaharisha, kisha siku tatu hupati choo kabisa, na homa ya matumbo umeshatibiwa mara tatu haiishi. Mama Sabina, niliishiwa nguvu miguuni. Alikuwa anasimulia maisha yangu.

Hapo inabidi nikwambie neno ambalo nimelibeba miaka miwili. Mei 2023, ulipofiwa na mama, nilikwambia sikuja kwa sababu Jofu ana malaria. Hakuwa na malaria. Nilifika gatini alfajiri, tiketi mkononi, kanga mbili na mchele wa msiba kwenye mfuko. Tumbo lilikuwa linanyonga tangu saa tisa usiku kwa kuwaza tu hiyo safari: saa tatu majini, watu wamejaa, choo kimoja na foleni. Nikaingia choo cha pale gatini. Nikatoka, nikarudi. Nikatoka, nikarudi tena. Meli ilipiga honi nikiwa ndani, na nilipotoka kamba zilikuwa zimeshafunguliwa. Nilisimama pale na ule mchele nikilia, watu wakidhani nimemsindikiza mtu. Mama yako ndiye aliyenifundisha kusuka ukili, na sikutupa hata konzi ya udongo. Niliona aibu kukuandikia kwamba ni choo kilichonizuia. Kimya chote hiki kati yetu, salamu za Krismasi tu, ndiyo sababu yake. Nisamehe.

Sasa sikiliza. Tumbo langu lilianza 2022, baada ya lile kuhara kubaya la wakati wa Pasaka lililoniweka kitandani wiki nzima. Kuhara kuliisha, tumbo halikurudi lilivyokuwa. Nikapita njia hiyo hiyo uliyopita wewe: duka la dawa, kipimo cha damu, "una taifodi", dozi. Mwezi unaofuata tena. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba kile kipimo cha damu cha haraka hukosea mara nyingi, kinaweza kusema ndiyo wakati taifodi huna. Nimekunywa vidonge ambavyo havikunihusu, pesa nimetoa, tumbo likazidi. Mpaka Septemba 2023 nikampata daktari mmoja mama mtu mzima, akaniuliza maswali nusu saa nzima, akapima choo na damu, akaniambia ni IBS, kwa Kiingereza irritable bowel syndrome. Alinieleza hivi: utumbo wako hauna kidonda wala uvimbe, ila una wepesi wa kushtuka, na wenyewe na ubongo wanasemezana vibaya. Akauliza kama tumbo linauma angalau siku moja kila wiki kwa miezi mitatu, kama maumivu yanahusiana na kwenda choo, kama choo kimebadilika. Yote ndiyo.

Lakini usianze kwa kujiita una IBS kwa sababu mimi ninayo. Kwanza vipimo. Wewe umekulia majini, umeoga, umefua, umechota humo humo. Kichocho cha tumbo kiko kwenye ziwa hili, kinauma tumbo, kinaharisha, kinaweza kutoa damu kwenye choo, na dawa yake ipo, prazikwanteli, unapewa kulingana na uzito wako. Amiba nayo ipimwe kwenye choo, siyo kwa kukisia. Na ukiona damu, au homa, au tumbo linakuamsha usingizini, au ukiambiwa damu imepungua, au kuna mtu wa kwenu aliugua saratani ya utumbo, usikae na barua yangu, nenda hospitali siku hiyo. Huko kukonda ndiko kunakonitisha zaidi. IBS haikondeshi mtu yenyewe. Je, unakonda kwa sababu huli, au ulikuwa unakula na bado unakonda? Hilo daktari lazima alijue.

Narudi kwenye uji.

Mama Kulwa anasema unasaga mahindi, ulezi, soya, ngano na karanga, unapika na maziwa. Mwenzangu, humo umeweka wachokozi watatu kwenye kikombe kimoja! Afisa lishe niliyepelekwa alinichorea kwenye karatasi. Kuna sukari fulani ndani ya vyakula ambazo utumbo mwembamba haunyonyi vizuri. Zinavuta maji, na zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachua kama pombe ya kienyeji, gesi inatoka. Gesi hiyo kila mtu anayo. Ila inayompita Baba Jofu bila habari, mimi inaninyonga, kwa sababu mishipa ya fahamu ya utumbo wangu inasikia mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, kule Melbourne, Australia, ndio waliozipanga hizo sukari na kuziita FODMAP. Ngano inazo. Soya inazo. Maziwa yanazo, maharage yanazo, embe, tikiti maji, na wakubwa wao wote ni kitunguu maji na kitunguu saumu.

Niliposikia kitunguu nilikata tamaa. Utapikaje sato bila kitunguu? Lakini kuna njia, na hii ndiyo nataka uijaribu kabla ya yote. Sukari ya kitunguu inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo kata kitunguu vipande vikubwa, kaanga kwenye mafuta matupu mpaka viwe rangi ya dhahabu na jiko zima linukie, kisha vitoe vyote, hata kimoja kisibaki. Ndipo weka nyanya na samaki. Harufu imebaki kwenye mafuta. Ukiweka nyanya au maji kabla hujavitoa, umeharibu. Majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani tu, yanaruhusiwa, mimi nakatia juu mwishoni. Wanangu hawajui tofauti mpaka leo.

Nilikaa hivyo wiki nne: ugali wa mahindi, wali, viazi mviringo, sato, sangara, dagaa, mayai, karoti, mchicha, machungwa, nanasi, papai. Wiki ya tatu niliamka tumbo limelala, limenyamaza, nikawa namgusa Baba Jofu nimwambie "sikiliza", na hakuna cha kusikia.

Na hapa ndipo wengi wanapokwama, na wewe umekwama hapo hapo ingawa ulipita mlango mwingine. Tumbo likinyamaza mtu anaogopa kurudi kula. Anabaki na vyakula vitano, kisha vitatu, kisha uji. Kule kukata ni kwa wiki mbili mpaka sita tu, basi. Baada ya hapo unarudisha kimoja kimoja: siku tatu chakula kimoja, kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi, unaandika. Mimi nilianza na mtindi. Nusu kikombe sawa, kikombe kizima nikajuta. Chapati nusu sawa. Maharage nikiyaloweka usiku na kumwaga yale maji, vijiko vitatu vinapita. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vipande vichache. Kitunguu saumu hata punje, hapana. Ugali wa muhogo, ambao wewe ndio roho yako, mimi umenikubali bila neno, lakini wewe utajaribu la kwako, tumbo la jirani si lako. Leo sehemu kubwa ya vyakula vyangu nimeshavirudisha. Uji unaokuzuia kufa njaa ndio huenda unakunyonga, na ule unga wa mizizi utupe leo hii. Dawa nyingi za namna ile ni za kuendesha tu, na tumbo lako halina uchafu wa kusafishwa.

Kuhusu daftari. Nilipewa karatasi ina picha saba za choo, namba moja ni kama kinyesi cha mbuzi, namba saba ni maji matupu, nikawa naandika namba kila siku, na nilichokula, na kulikuwa na nini siku hiyo. Mama mkwe alikuwa anasema tumbo langu linafuata mwezi, kuna mtu amenichezea. Nilipofungua daftari baada ya miezi mitatu nikakuta kweli, lilikuwa linafuata mwezi! Mbalamwezi ikiwaka, namba sita, namba saba. Giza likiingia, linatulia. Nilitetemeka. Nikampelekea yule daktari mama. Akaniuliza, "Mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inatoka?" Haitoki, maana taa zao hazivuti dagaa mwezi ukiwaka. "Mzigo unapata?" Sipati. "Marejesho ya mkopo je, yanasubiri giza?"

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimechukua kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, marejesho kila Alhamisi, mzigo uwepo usiwepo. Alhamisi za mbalamwezi nilikuwa naamka tumbo limeshaanza kabla sijafungua macho. Kumbe utumbo wangu ulikuwa unahesabu deni.

Hakuna aliyenichezea. Nilimwambia Baba Jofu habari ya ule mkopo, alikuwa hajui, tukauza pikipiki kuukuu tukaufunga. Sasa niko kwenye kikoba cha akina mama hapa mwaloni, na wiki za giza naweka akiba ya wiki za mbalamwezi. Nikwambie ukweli, kufunga lile deni kulinisaidia sawa na kutoa kitunguu, na pengine zaidi.

Mengine madogo. Napumua kwa tumbo dakika tano kabla ya kulala: mkono juu ya kitovu, pumzi iuinue mkono siyo kifua, kutoa iwe ndefu kuliko kuvuta. Mwanzoni niliona ni mchezo, sasa hata kwenye daladala nafanya. Jioni natembea kandokando ya ziwa nusu saa. Nakula kwa saa zake, sirundiki chakula cha siku nzima usiku kama tulivyozoea sokoni. Na kwa miezi kadhaa daktari alinipa kidonge kidogo cha usiku, amitriptilini, ambacho watu wa huzuni nao hupewa kwa kipimo kikubwa. Nilikataa kwanza, nikasema mimi si mgonjwa wa akili. Akanieleza kinatuliza mishipa ya utumbo. Nilikubali, kikanisaidia kulala na maumivu yakapungua. Usikitafute dukani mwenyewe, kinaweza kufunga choo, na wewe choo chako tayari kinafunga.

Sijapona, usije ukadhani. Mwezi wa sita Jofu alipovunjika mkono lilirudi siku nne. Lakini sikukimbilia vidonge wala sikuacha kula, nilirudi kwenye wali na samaki, nikangoja, likapita. Zamani siku nne zile zingekuwa mwezi mzima kwa hofu peke yake.

Nakuuliza, na unijibu yote. Choo kina damu? Usiku linakuamsha? Umekonda kilo ngapi, na tangu lini hasa? Lilianza baada ya kuugua kuhara, au baada ya msiba? Maana Mama Kulwa anasema ni tangu mama aondoke, na ndugu wa marehemu wanakusumbua habari ya shamba, ni kweli? Analala nani na wewe usiku sasa Sabina akiwa shule? Umemwambia mtu, au unavumilia kimya kama nilivyovumilia mimi? Na ule mkopo wa kikundi ulisimamiwa na nani, umeisha?

Mama Kulwa anarudi Jumatano, nimempa barua hii na unga wa mahindi kilo tano, dona, haujachanganywa na kitu, na dagaa waliokaushwa kwenye chanja, siyo wa mchangani. Pika uji wa huo kama uji lazima, kwa maji. Mwambie akulete kwangu ukitaka kupimwa huku Mwanza, kitanda kipo, na choo ni cha ndani.

Usipoweza kuja, nakuja mimi. Nimeshauliza nauli. Jumamosi ya tarehe 30, meli ya asubuhi, nitakaa karibu na choo na sitaona aibu. Nataka unipeleke kaburini kwa mama kabla ya kitu kingine chochote. Na uniwekee machungwa ya Ukerewe, hayo hayanisumbui hata nikila kumi.

Mwenzako,
Mama Jofu