Kwa nini gari liliacha cheni, na pikipiki yako haijaacha

Wateja wa bodaboda wa gereji yetu hulalamika: cheni inalegea, inakula meno ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni), kila mara inadai oili. Mbona isiondolewe kama ilivyoondolewa kwenye gari?

Gari nalo lilianza na cheni. Gari la Karl Benz, lililopata hataza Ujerumani mwaka 1886, lilipeleka nguvu ya injini kwa mkanda hadi shafti ya kati yenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), kisha cheni mbili zikazungusha magurudumu ya nyuma. Mwaka 1888 mkewe, Bertha, alipoliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, ilibidi mhunzi wa Bruchsal amtengenezee cheni. Kazi yetu ina ukoo mrefu.

Miaka kumi baadaye, Louis Renault wa Ufaransa akaunda kigari chenye propela, yaani shafti ndefu inayozunguka, iliyotoka kwenye giaboksi hadi ekseli ya nyuma. Mkesha wa Krismasi 1898 alikipandisha mlima wa rue Lepic, Paris, na usiku huohuo akapata oda.

Hata hivyo wengi hawakumfuata upesi. Mercedes ya 1901, yenye nguvu-farasi 35, bado ilitumia cheni, na hapo hapakuwa na ushamba wowote. Injini ya Renault haikufika hata nguvu-farasi 2. Kwenye propela, mzigo wote huishia kwenye meno machache ya pinioni, gia ndogo ya ndani ya difu, na chuma cha siku zile hakikuaminika kubeba nguvu kubwa mahali padogo namna hiyo. Tena kwenye gari la cheni difu hufungwa kwenye chesisi, juu ya springi, kwa hiyo ekseli ya nyuma hubaki nyepesi na hairuki sana mashimoni. Ubaya wake ni kelele, na vumbi linalosaga kila pini. Chuma kilipoimarika, propela iliyofungiwa na oili yake ikashinda; Ford Model T ya 1908 ilitoka nayo. Malori yalichelewa: Mack AC ya Marekani iliendelea na cheni hadi miaka ya 1930.

Kwa pikipiki hesabu ni nyingine. Cheni ni nyepesi, bei yake inabebeka, na ukitaka nguvu zaidi ya mlimani unabadilisha sproketi tu. Kwa hiyo itunze. Tunapima ulegevu wake, tunaisafisha, na ikichoka tunabadilisha seti nzima. Cheni mpya juu ya sproketi zilizochongoka ni hela iliyotupwa, na kazi hiyo hatuipokei hata mteja akisisitiza.

Wenye gari msicheke. Propela haionekani, ndiyo maana husahaulika. Ukisikia chuma kikigonga chini ya gari unapoachia klachi, mara nyingi krosi, kiungo cha propela, imelegea. Ilete kabla haijakatika, na siku hiyohiyo tutaangalia oili ya difu.