Barua kwa Mwanangu Anayekuja Anchorage

Mwanangu mpendwa Mwanaidi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusoma kwamba umemaliza mtihani wa kidato cha sita salama, na kwamba bibi yako ameanza tena kutembea hadi sokoni bila mkongojo. Sisi huku Anchorage, katika jimbo la Alaska nchini Marekani, hatujambo. Mama yako amekwisha kukutandikia kitanda, na wadogo zako hawaishi kuniuliza dada atafika lini.

Umeniomba kwamba, ukishapumzika na safari, nikupeleke moja kwa moja Denali. Mlima huo una urefu wa mita 6,190, nao ndio mrefu kuliko yote ya Amerika ya Kaskazini, hivyo sishangai kwamba mtoto aliyekulia katika nchi ya Kilimanjaro anautamani. Hata hivyo nakuomba uniachie mimi nipange mfuatano wa matembezi yetu. Lango la hifadhi liko kiasi cha kilomita 380 kaskazini mwa mji. Kilele hujificha mawinguni siku nyingi za kiangazi, na wageni wengi huondoka bila kukiona. Tena mwaka 2021 maporomoko ya ardhi mahali paitwapo Pretty Rocks yaliikata barabara ya hifadhi karibu na katikati yake. Tutakwenda huko kwa garimoshi katika nusu ya pili ya Agosti, inshallah, wakati ambapo mimea mifupi ya nyanda za juu hugeuka rangi nyekundu na mbu wamepungua. Kabla ya hapo nataka uijue Anchorage yenyewe, kwa sababu pori la Alaska halianzii mbali na mji huu. Limo ndani yake, na mtu asiyejua mwenendo wa maji, wanyama na mwanga wa hapa hawezi kutembea humo kwa amani.

Nianze na mwanga, maana ndio utakaokushangaza kwanza. Utafika katikati ya Juni, siku chache kabla ya mchana mrefu kuliko yote ya mwaka, na siku hiyo jua huonekana kwa zaidi ya saa 19. Huchomoza mnamo saa kumi na dakika 20 alfajiri na kutua karibu na saa sita za usiku, na hata likishatua anga haiwi giza kamili. Utaona watu wakikata majani ya bustani zao saa nne usiku na watoto wakicheza mpira nje, nawe utadhani ni alasiri. Kuhusu nyakati za swala usiwe na wasiwasi. Tunafuata kalenda ya msikiti, nami nitakueleza ukifika jinsi Isha na Alfajiri zinavyopangwa wakati usiku unapokuwa mfupi kiasi hicho. Lakini nakusihi ujilazimishe kulala. Mwanga huu humdanganya mgeni hata akaanza safari ya mlimani akiwa amechoka bila kujua kwamba amechoka.

Matembezi ya kwanza yatakuwa mepesi. Tutakwenda katika kituo cha urithi wa wenyeji wa Alaska, Alaska Native Heritage Center, kilichofunguliwa mwaka 1999, ambako nyumba za jadi za makabila mbalimbali zimejengwa kuzunguka ziwa dogo, na vijana wa makabila hayo wenyewe huwaeleza wageni maisha ya mababu zao. Nataka uanzie hapo kwa makusudi. Ardhi hii ni ya Wadena'ina, waliovua na kuwinda katika pwani hizi kwa karne nyingi kabla ya mji kuwapo, ilhali mji wenyewe ulianza mwaka 1915 kama kambi ya mahema ya wajenzi wa reli kandokando ya kijito cha Ship Creek. Kijito hicho bado kinapita katikati ya mji, na samaki aina ya salmoni wangali wanakipanda kutoka baharini kwenda kutaga mayai. Utawaona wavuvi wamejipanga na mishipi yao katika maji yanayofika mapajani, huku nyuma yao yakionekana maghala na mabehewa. Ukitaka kuvua nawe nitakukatia leseni, kwani hapa hakuna mtu mzima anayevua bila leseni.

Siku itakayofuata tutakodi baiskeli tuifuate njia ya pwani iitwayo Tony Knowles Coastal Trail, ambayo huanzia karibu na kitovu cha mji na kwenda kiasi cha kilomita 18 hadi msitu wa Kincaid Park. Upande mmoja utaona bahari, na siku ya mawingu machache utaona ng'ambo yake milima iliyofunikwa na theluji, pengine hata Denali yenyewe ikiwa umbali wa zaidi ya kilomita 200. Katikati ya njia hiyo kuna mahali paitwapo Earthquake Park, ambapo nitakuomba tushuke na tusimame. Tarehe 27 Machi 1964, siku ya Ijumaa Kuu, tetemeko la ukubwa wa 9.2 liliitikisa ardhi hii kwa takriban dakika nne na nusu, na hakuna kubwa zaidi yake lililowahi kupimwa katika bara hili. Udongo wa mfinyanzi ulio chini ya mtaa uliokuwa jirani na mahali hapo ulilegea, na nyumba zikateleza pamoja na viwanja vyake kuelekea baharini. Leo miti imeota juu ya mabonde na matuta yaliyoachwa na mtelemko ule, na mtu asiyeelezwa hupita akidhani ni vilima vya kawaida.

Katika njia hiyohiyo ndipo kuna uwezekano mkubwa wa kukutana na musi. Huyu ni mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu kuliko farasi, na dume lake kubwa huweza kufika uzito wa kilo 600. Wamo mjini kwa mamia. Hula miti ya bustani, hulala nyuma ya nyumba, na hukaa katikati ya barabara mpaka watakapopenda kuondoka. Kwa sura yao ya upole wageni wengi huwasogelea ili wapige picha, na jambo hilo nakukataza kabisa, hasa mwezi Juni ambapo jike huwa na ndama mchanga. Ukimwona amelaza masikio nyuma na nywele za bega zimesimama, ondoka mara moja ujikinge nyuma ya mti mnene. Kwa dubu kanuni ni nyingine: kwake hukimbii kamwe. Unasimama, unazungumza kwa sauti ya utulivu ili ajue wewe ni mtu, kisha unarudi nyuma polepole. Nimekununulia dawa ya pilipili ya kupuliza, nayo itakaa kiunoni mwako, si ndani ya mkoba, kwa kuwa dubu hakungojei ufungue mkoba. Mbu wa hapa ni wengi na wakubwa, lakini hawana malaria. Najua bibi yako atafarijika ukimsomea sentensi hii.

Ukishazoea hayo tutapanda Flattop, mlima ulio katika hifadhi ya jimbo ya Chugach, ambayo inaanzia palepale mitaa ya mji inapoishia. Kilele chake kina mita 1,070, na kutoka maegesho ya Glen Alps kwenda na kurudi ni kiasi cha kilomita 5 tu, ila sehemu ya mwisho ni mawe matupu ambayo utayapanda kwa mikono na miguu. Juu kuna uwanda ambapo mji wote huonekana pamoja na bahari na safu za milima. Wapo wanaolala huko usiku wa Juni 21, nami ningependa tuwe miongoni mwao iwapo hali ya hewa itaruhusu.

Safari ninayoithamini kuliko zote, hata kuliko ile ya Denali, ni ya kuelekea kusini kwa barabara ya Seward Highway, iliyobanwa kati ya milima na mkono wa bahari uitwao Turnagain Arm. Kapteni James Cook aliufikia mwaka 1778 alipokuwa akitafuta njia ya kupita kaskazini mwa Amerika, akakuta hauna pa kutokea. Wewe umezaliwa Tanga na unajua maji kujaa na maji kupwa tangu utotoni, lakini ulichokiona huko hakitakutosha hapa. Siku za bamvua, maji ya eneo hili hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 9, na kwetu hayafiki hata nusu ya hapo. Kwa kuwa mkono huu wa bahari ni mwembamba na kina chake ni kidogo, maji yanayorudi hubanwa, yakainuka na kuwa wimbi moja linalovuka kutoka ukingo hadi ukingo, ambalo siku za bamvua kubwa huweza kufika mita 3. Tutasoma jedwali la maji na kuhesabu zaidi kidogo ya saa moja tangu yanapokupwa kabisa Anchorage, kisha tutaketi kwenye miamba ya Beluga Point kulisubiri. Utalisikia kabla ya kuliona. Wapo hata vijana wanaolipanda kwa mbao za mawimbini wakiwa wamevaa mavazi mazito ya mpira.

Mahali hapohapo unaweza kuwaona nyangumi weupe wanaoifuata salmoni, hasa Agosti. Hawa ni nyangumi wa ghuba ya Cook Inlet pekee, na wamebaki karibu 300 tu. Tangu mwaka 2008 sheria ya Marekani inawahesabu kuwa wako hatarini kutoweka. Ukigeuka na kutazama juu ya barabara utaweza kuona kondoo wa mwitu weupe wamesimama kwenye magenge ambayo mtu hathubutu kuyapanda.

Sasa sikiliza neno langu kuhusu tope. Maji yakipwa, sakafu ya bahari hubaki wazi kwa kilomita nyingi, laini, ya kijivu, nayo huonekana ngumu. Mtoto wa pwani yetu akiona hivyo, miguu humvuta kushuka, kama tulivyokuwa tukishuka kuokota chaza na kamba. Usishuke. Tope hili ni unga wa mawe yaliyosagwa na barafu ya milimani, na mtu akilikanyaga hulegea, mguu ukazama, kisha likajikaza upya kuuzunguka hata nguvu za watu kadhaa zisiweze kuung'oa. Maji yanaporudi hurudi kwa kasi niliyokwisha kukueleza, na wapo waliofia humo. Katika yote niliyoandika hapa, hili ndilo ninalotaka ulishike kama agizo la mzazi. Mengine ni ushauri.

Mwisho wa mkono huo, kiasi cha kilomita 80 kutoka mjini, palikuwa na kijiji kinachoitwa Portage. Tetemeko la 1964 liliishusha ardhi yake, maji ya chumvi yakaingia, na watu wakahama. Miti iliyokunywa chumvi ile ilikufa ikiwa imesimama, na mingine ingali imesimama hadi leo, mikavu na myeupe. Mbele yake kuna barafuto ya Portage, yaani mto wa barafu unaotelemka polepole kutoka milimani. Mwaka 1986 walijenga jumba la wageni kando ya ziwa ili watu waitazame barafuto hiyo kupitia madirishani. Tangu hapo imeyeyuka na kurudi nyuma ya kona ya mlima, na sasa wageni wengi hupanda mashua ili kuiona. Nimesimama kwenye madirisha yale nikafikiria theluji ya Kilimanjaro, na nilihuzunika. Ndiyo sababu sitaki tuiahirishe safari hiyo hadi mwaka ujao.

Majira ya baridi tutayazungumza yatakapofika. Kwa sasa ujue tu kwamba Desemba mchana huwa wa saa tano na nusu, kwamba njia hiyohiyo ya baiskeli hugeuka njia ya kuteleza kwa mbao za theluji, na kwamba Jumamosi ya kwanza ya Machi mbwa wa mashindano ya Iditarod huanza sherehe yao katikati ya mji, wakivuta sleji, yaani vigari vya kuteleza juu ya theluji, mbele ya umati. Usiku wa mbingu safi nitakupandisha Glen Alps, mbali kidogo na taa za mji, tungoje nuru za kaskazini, yaani mianga ya rangi inayocheza angani usiku.

Kuhusu mavazi, usilete jinzi nyingi wala fulana za pamba kwa ajili ya matembezi, kwa sababu pamba ikilowa haikauki upesi na mwili hupoteza joto, hata mwezi Julai. Mama yako amekushonea mitandio ya sufu nyepesi, na koti la mvua tutanunua hapa. Leta kanga zako za kuvaa nyumbani, na umwombe mjomba wako ile darubini aliyokuwa akitazamia majahazi, nasi tutamrudishia. Buti za mlimani nataka zikukute tayari, uzivae nyumbani wiki nzima kabla ya Flattop ili zisikuchubue. Kwa hiyo simama juu ya karatasi, chora nyayo zote mbili jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, unitumie picha yake kabla ya mwisho wa mwezi.

Nisalimie bibi, mjomba na majirani wote.

Akupendaye,
Baba yako